Sumaku Isiyo na Chuma

Mtongwe, Likoni
6 Machi 1960

Mbwana,

Salamu utazipata mwisho wa barua, kama zitabaki. Nianze na lililonikaa kooni.

Jana alikuja Phineas, mwenzio mliyesoma naye, ambaye sasa ni karani bandarini. Akaniuliza kwa upole wake wa kanisani kama Baba ameshaambiwa. Nikamwuliza, ameambiwa nini? Ndipo akatoa picha ya chuo uliyomtumia, na nyuma yake umeandika kwa mkono wako kwamba uhandisi wa bandari umeuacha tangu mwaka juzi, sasa wasoma sumaku. Tena si sumaku ya kunyanyulia vyuma gatini. Sumaku ya mbinguni, iliyokuwako kabla ya nyota. Nilimwambia arudie, maana nilidhani Kiingereza kimemteleza.

Basi ndiye wewe huyo tuliyemtoa Likoni kwa dua na ubani. Baba macho yameisha, haoni ila kivuli cha mtu, lakini kila Ijumaa hushuka ferini akaketi, na kila anayemsalimu humwambia: "Ngojeni, mwanangu yuwaja kutujengea daraja hapa." Watu wamemwita Mzee Daraja. Nilikuwa nikidhani wanamheshimu. Wajua ule usemi kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama alikuacha mdogo, nikakulea mimi, na sasa umekwenda kufunzwa na ulimwengu wa kabla ya Adamu.

Sikumwambia Baba. Nimeshika kalamu kwa ajili ya jambo lake, si lako. Kile kipande cha shamba cha chini, kinachoelekea mkono wa bahari, amekitoa kiwe msikiti. Udongo wa pale waujua, mweusi, mguu huzama. Fundi Garama amesema nyumba haitasimama bila chuma chini yake, akaenda Changamwe akaleta reli kuukuu, akazilaza kiwanja kizima na kumwaga zege juu yake. Limekuwa sakafu moja pana kama ya ghala, na ukuta waweza kusimama upande wowote. Kinachongojewa ni kibla. Maalim Nassoro alitaka kuja kukipima kama alivyopima cha msikiti wa juu. Baba akakataa. Amesema kibla cha msikiti wake kitatolewa na mwanawe aliyesoma, na kwamba siku yake ikifika atazikwa ubavuni mwa ukuta huo, uso wake uelekee hapo hapo. Hana ombi jingine duniani. Nimemwuliza tena na tena, na jibu ni hilo hilo.

Kwa hiyo tupe kibla. Kama hiyo sumaku yako inafaa kwa lolote, na ifae kwa hili. Salamu zimebaki kidogo, nimezipeleka kwa jirani.

Dada yako,
Mwanatatu binti Mwinyihaji

---

Manchester
19 Machi 1960

Dada Mwanatatu,

Shikamoo. Nasema shikamoo kwa sababu nililelewa, si kwa sababu barua yako inaistahili.

Phineas amekupa nusu ya habari, nawe ukaikoleza pilipili. Nitakueleza mara moja, sitarudia. Mwanga wa nyota nyingi ukitufikia huwa umeegemea upande mmoja, kwa kuwa umepita katika vumbi, na vumbi hilo limepangwa na sumaku iliyotanda mbingu nzima. Sumaku hiyo haikai ndani ya kipande cha chuma kama unayoijua wewe. Hukaa ndani ya moshi wa moto wenye umeme, na huo ukienda nayo huenda. Swali ni kwamba ilianza lini. Wapo wasemao ulimwengu haukuwa na mwanzo. Mwalimu wangu yuko upande wa pili: asema zamani sana vyote vilikuwa moto mmoja mzito, unaotokota na kujipindua, hamna nyota, hamna jiwe, hamna chuma. Ndani ya msukosuko ule kijisumaku dhaifu kabisa kingeweza kunaswa, kikavutwa, kikapindwa, kikakunjwa juu yake chenyewe, kikavutwa tena, kama Bibi alivyokuwa akisokota makumbi ya nazi mpaka nyuzi zisizoshika hata kifaranga zikawa kamba ya kufungia ng'ombe. Kazi yangu ni kukokotoa kama msukosuko ule ulitosha. Daraja la Likoni atalijenga yeyote mwenye saruji. Kazi hii inafanywa na watu wachache sana duniani, na mmoja wao ni mtoto wa Mtongwe. Ningedhani ungefurahi.

Barua yako ilikuwa ndefu. Habari za matope na fundi nilizipita juu juu, hapa nina kazi.

Kuhusu kibla, nakutumia dira yangu mwenyewe kwa posta. Kutoka kwetu Makka iko karibu sawasawa kaskazini, na ndiyo maana wazee wetu kaskazini yenyewe huiita kibla, kwa hiyo hesabu ni rahisi hata kwenu. Sindano huko Mombasa huegemea kidogo magharibi, na kwenye karatasi iliyomo sandukuni nimechora kiasi cha kuirudisha. Iwekeni dira katikati ya kiwanja, palipo tambarare. Ingojeni itulie, kisha mvute uzi na kupiga chokaa. Vua bangili zako kabla hujaisogelea. Na wazee wasibishane na sindano, haisikii.

Habari ya masomo usimwambie Baba. Nitamwambia mimi, kwa wakati wangu.

Mbwana

---

Mtongwe
24 Aprili 1960

Mbwana,

Dira imefika, na kioo hakikuvunjika. Bangili nilivua, ingawa ni za fedha na sijui zimekukosea nini.

Tulikwenda asubuhi. Baba alishikwa mkono mpaka katikati ya sakafu, akapapasa dira kwa vidole kama mtu anayepapasa uso wa mtoto, akaniuliza, "Ndiyo hii ya Mbwana?" Nikamwambia ndiyo. Sindano ikazunguka, ikatulia. Garama akavuta uzi. Maalim Nassoro akatazama uzi, akatazama kivuli cha fimbo yake, akasema:

"Mzee Mwinyihaji, uzi huu umekwenda pembeni. Kibla chetu hakiko huko."

"Dira yasemaje?" Baba akauliza.

"Dira yasema huko."

"Basi. Dira haina husuda. Mwanangu yuwajua kuliko fimbo yako."

Maalim akasema, "Haya, Mola atuongoze sote," akaondoka. Tangu siku ile hajaja kunywa kahawa barazani kwetu, naye na Baba walitahiriwa pamoja. Wazee wengine wamegawanyika. Wako wanaosema elimu ni elimu, na wako wanaosema mtoto wa juzi amewageuza babu zao.

Wanaume mlikuwa mmeshasema yote, mmoja wenu akiwa Manchester.

Baba aliswali rakaa mbili pale pale juu ya zege, akielekea uzi wako. Alipoinuka paji la uso lilikuwa na vumbi la saruji, hakutaka lifutwe. Nilikuchukia sana saa ile, kwa vile furaha yake yote ilikuwa yako na mkono aliokuwa ameushika ulikuwa wangu.

Mwanatatu

---

Manchester
6 Mei 1960

Dada Mwanatatu,

Mwambie Maalim Nassoro kwamba sumaku ya dunia ilikuwako kabla hajazaliwa aliyemchongea fimbo. Akitaka kununa, anune.

Hapa niliwasimulia wenzangu, wakati wa chai, kwamba msikiti wa Likoni umesimamishwa kwa dira kutoka maabara yetu. Walipiga makofi. Mwalimu wangu, mtu asiyecheka, alisema hayo ndiyo matumizi ya kwanza yenye faida aliyopata kuyasikia katika somo letu. Nimeiandika siku hiyo.

Kazi yenyewe imegonga mwamba. Hesabu zinaonyesha kwamba msukosuko hukuza sumaku upesi ajabu, lakini haizui. Ukivuruga kitu kisichokuwapo hupati kitu. Lazima iwepo mbegu kwanza, hata ndogo kiasi gani, na mbegu hiyo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Usiniandikie kwamba ilitoka kwa Mungu. Hilo nalijua, nauliza aliipitishia mlango gani.

Lawama ulizompa Phineas aniandikie nimezipata; usinitumie tena maneno kwa mkono wake. Ukitaka kunitukana nitukane mwenyewe.

Mbwana

---

Mtongwe
29 Mei 1960

Mbwana,

Nina swali moja, silo la matusi.

Juzi nilikuwa nairudisha dira yako sandukuni. Nikaitoa nje pale kisimani, mbali na msikiti, nikaitazama. Sindano ilielekea kwingine. Nikarudi nayo juu ya sakafu, ikageuka, ikaelekea ule uzi wenu. Nikaenda nikarudi mpaka Garama akaacha kazi na kunitazama. Tofauti yake si ndogo, ni ya mtu aliyegeuza bega.

Chini ya sakafu ile mna reli. Nilikuandikia katika barua ya kwanza, ile uliyoipita juu juu. Nijibu: reli zaweza kuigeuza sindano au haziwezi? Ukuta wa kibla umefika kiunoni. Ubomolewe au uendelee?

Usinipe hadithi ya mbinguni. Neno moja latosha, na ulilete upesi. Sababu ya haraka yangu ni yangu.

Mwanatatu

---

Manchester
8 Juni 1960

Dada Mwanatatu,

Haziwezi.

Ulitaka neno moja, umelipata. Sasa nami niseme yangu. Sumaku ya dunia ni ya dunia nzima, na vipande vya chuma vilivyolala chini ya zege la Garama ni nini mbele yake? Aliyeyumba ni mshika dira. Ulikwenda nayo huku na huku kisimani kama anayetafuta sindano kwenye majani, mkono unatetemeka kwa hamu ya kuniona nimekosa, halafu unataka ukuta wa Baba ubomolewe kwa ushahidi huo. Akili nyingi huondoa maarifa, wewe ndiwe uliyenifundisha usemi huo.

Najua kinachokuuma. Umekaa pale miaka yote, umepika, umefua, na bado anayesifiwa ferini ni mimi. Hilo si kosa langu wala la sindano.

Ukuta uendelee. Ukibomolewa kwa neno lako, mimi sina tena la kuandika nyumba ile.

Mbwana bin Mwinyihaji

---

Mtongwe
27 Juni 1960

Mbwana,

Baba amefariki. Innaa lillahi. Ni Alhamisi iliyopita, baada ya alfajiri, na alasiri tukamzika.

Kifua kilimshika mwezi wa tano, wiki ile niliyokuandikia habari ya reli. Daktari wa mjini alisema maji yamejaa, na kwa umri wake tusitarajie. Baba mwenyewe alinikataza kukuita. Alisema usikatizwe. Phineas alitaka kukupigia simu ya maandishi, nikamzuia mimi, na sababu yangu nakwambia wazi. Nilihitaji jibu la kweli juu ya kibla kabla hatujachimba. Ningekwambia Baba yu mahututi ungejibu kwa machozi, ungeniandikia lolote la kunituliza. Nikasema nikuulize kavu, kwa uadui, nipate elimu yako tupu. Huyu mtu hanipendi, nikajiambia, basi hana haja ya kunidanganya.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea ile sehemu ya juu, hiyo nyingine nilimkinga nayo. "Haziwezi," nikamwambia. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akasema, "Nilimwambia Nassoro." Akaagiza Garama aharakishe ukuta, na kaburi lipimwe kwa uzi ule ule, sambamba na ukuta.

Usiku wake nilimwambia habari yako yote. Nilitaka ajue. Nikamwambia daraja hakuna, mwanao amesoma sumaku ya moto wa zamani, miaka miwili anatudanganya. Nikadhani nimemvunja moyo, na sitaki kuficha kwamba nilijuta na nikafurahi. Kisha akasema: "Daraja la kwendea mjini watalijenga wenye serikali. Hili la kwenda kwa Mola wangu kanijengea mwanangu." Akalala.

Tumemlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukiwa umeelekea dira yako. Maalim Nassoro alikuja maziko. Alisimama mbali, alipoona kaburi linavyochimbwa akafumba macho, lakini hakusema, kwa kuwa ulikuwa wasia wa maiti.

Matanga yameisha. Sina la ziada.

Mwanatatu

---

Manchester
5 Julai 1960

Mwanatatu,

Umemficha baba yangu akifa. Ulikuwa na kalamu, karatasi na stempu, ukazitumia kuniuliza habari ya chuma. Ningekuja. Ningeuza vitabu, ningepanda meli ya ng'ombe, ningefika hata kwa kuzikuta kandili za matanga zinazimwa. Hukuwa na haki, hata kama alikukataza. Sitakusamehe, na nataka ulijue hilo kabla sijaandika linalofuata, ili usidhani naomba kubadilishana.

Zaweza.

Reli zaweza kuigeuza sindano. Reli zilizopigwapigwa na magurudumu miaka na miaka huwa sumaku zenyewe, na aliyesimama juu ya sakafu ile na dira alikuwa anaipima sakafu, si dunia. Mtoto wa mwaka wa kwanza hapa anajua. Mara ya kwanza sikuisoma barua yako. Nilikuwa nimekaa na sumaku isiyo na chuma muda mrefu hata chuma chenyewe hakikunijia kichwani. Hiyo ni aibu na ningeweza kuibeba. Lakini mara ya pili nilisoma. Nilisoma nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nilijua uko sawa. Nikaandika "Haziwezi" nikijua.

Unataka sababu. Nilikuwa nimeshajisifu kwa watu wenye vyeo. Nilimwona kwa mawazo Maalim akicheka. Lakini hizo ni za juu. Ya chini ni kwamba aliyeuliza ni wewe. Angeuliza Phineas ningemwambia kweli siku hiyo hiyo. Sikuweza kukupa wewe ushindi huo, na sikujua ulichokuwa umekishika mkononi. Uliniuliza kwa uadui nami nikajibu kwa uadui, na Baba alikuwa amelala katikati yetu anasikiliza.

Mfukueni. Nasikia madhehebu yetu ya Shafii yanaruhusu, maadamu maiti hajabadilika. Mwulizeni Maalim, mwombeni radhi kwa jina langu, mgeuzeni Baba. Leo nilikwenda posta kupiga simu ya maandishi. Nikaisimamia ile fomu, nikafikiria karani wa Likoni akiisoma kabla yako, na jioni feri nzima inajua. Nikaiacha. Hata sasa naona haya ya watu, na Baba yuko vile.

Bomoeni ukuta. Gharama na lawama niwekeeni mimi. Mfukueni haraka.

Mbwana

---

Mtongwe
24 Julai 1960

Mbwana,

Barua yako nilipewa tarehe kumi na nne. Niliisoma nimesimama, nikavaa buibui, nikaenda moja kwa moja kwa Maalim Nassoro. Sikumpa aisome, nilimwambia kwa mdomo wangu. Yule mzee hakucheka. Alikaa kitako chini, akauliza siku alizokaa Baba ardhini, akahesabu kwa tasbihi, akatikisa kichwa.

"Mngejua siku ile ile, mwanangu, tungefungua. Sasa na joto hili na udongo ule wa majimaji, ameshabadilika. Kumfukua ni kumvunjia heshima."

"Na atabaki hivyo?"

"Atabaki hivyo. Yeye hana dhambi, alifuata alichoambiwa. Dhambi iko juu ya aliyejua."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyatamka. Simu isingetusaidia, kama wataka kujua. Siku ile uliyosimama posta, wakati wa kumfungua ulikuwa umekwisha pita. Ya kusaidia ilikuwa ile barua ya mwezi wa sita, na ilikuwa neno moja.

Tarehe kumi na sita ndiyo siku jua linaposimama juu ya Makka yenyewe, na kila kivuli huwa kimekipa kibla mgongo. Maalim huijua siku hiyo, aliirithi kwa mwalimu wake. Alikuja na fimbo yake baada ya adhuhuri kuingia, akaisimika juu ya sakafu mbele ya watu wote, na kivuli kikalala kimeupa mgongo upande mwingine kabisa, ambako hapakuwa na ukuta bado. Hakuna aliyebisha. Garama alianza kubomoa siku hiyo hiyo. Sasa ukuta wa kibla umesimama upya, umenyooka, na Ijumaa iliyopita wameswali. Wazee waliokuwa wamegawanyika wamesimama safu moja. Wakitoka mlangoni wanaliona kaburi la Baba limekaa mshazari pembeni mwa msikiti wake mwenyewe, na kila mgeni huuliza kwa nini. Wenyeji hutazama chini. Sijawaambia kwamba ulijua. Wanadhani ulikosea, na mimi nimewaacha wadhani hivyo, si kwa mapenzi. Sitaki Baba awe amemzaa mtu wa namna ile mbele ya watu.

Ulisema hutanisamehe. Vyema. Mimi niliyemficha kwako na wewe uliyenidanganya hatuna pa kukutania tena, na nisingeandika barua hii ila kwa jambo la Phineas.

Phineas alikuja jana. Ana ramani ya dunia kule ofisini kwao, ya mviringo, ya kuzungusha, na huitumia kupimia njia za meli. Nilimpa dira yako na nikamwonyesha ule mstari wa zamani, bado chokaa yake inaonekana sakafuni. Nilitaka tu kujua Baba ametazamishwa wapi, kama ni jangwani au baharini. Nilidhani nikijua nitalala. Phineas akaisoma dira kule kisimani, mbali na reli, akachukua vipimo vyake, akaenda, na leo amerudi. Alikuwa hawezi kunitazama. Alisema amenyoosha uzi juu ya ramani kutoka Mtongwe kufuata chokaa ile, ukapita Sudani, ukapita Misri, ukavuka bahari, na mahali ulipogusa Uingereza akaupima tena mara tatu.

Baba hakuelekea Makka, Mbwana. Amelala anakuelekea wewe.

Mwanatatu